Miaka Kumi na Miwili ya Mshtarii

Kabianga
9 Novemba 2025

Baba,

Sauti iliyobaki kwangu kutoka asubuhi ile ni ya aproni ya plastiki ikisuguana na majani chai. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu kambini na kikombe cha uji, na ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona mstari wa kwanza wa chai. Nilimsikia tu kaka Owiti akikata shamba katikati kwenda kwenye banda la mizani. Fyaa, fyaa, fyaa. Halafu kimya. Haikufifia, Baba, kama mtu anayekwenda mbali. Ilikatika. Nikangoja ianze tena. Uji ukapoa mkononi, ukungu ukainuka, na shambani hapakuwa na mtu.

Nakwambia haya leo kwa sababu mdogo wangu Phelix amenipigia simu. Anasema wewe na wazee mmepanga kumzika Owiti mwezi wa Desemba kwa yago. Desturi naijua. Mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda la yago hufungwa shuka, likaliliwa kama mtu, likawekwa kaburini badala yake. Nilipokuwa mdogo nilimwona jirani yetu wa Nyakach akizikwa hivyo, yule aliyezama ziwani, na nakumbuka jinsi wanaume wanne walivyolibeba tunda lile kana kwamba lina uzito wa mtu.

Naomba msifanye Desemba. Ngojeni hadi mwisho wa Januari. Sababu ninayo, ila si ya kuandika kwa haraka, na Nyakerario muuza dagaa ameshafunga mizigo yake. Ndiye atakayekuletea barua hii akirudi soko la Sondu. Ningekupigia simu kama mashine za kiwandani zingekuachia walau sikio moja.

Mitihani ya mwisho inaanza wiki ijayo. Niko mzima, nakula vizuri.

Binti yako,
Eddah

*

Nyakach
20 Novemba 2025

Mama yangu Eddah,

Barua yako imefika ikinuka dagaa wa omena. Nyakerario anakusalimu. Alinisemesha muda mrefu sana, nikawa natikisa kichwa, na sasa sijui nimekubali kununua nini.

Sababu yako sikuhitaji uandike, niliijua mara moja. Ni mambo ya wokovu. Pale chuoni mnaomba usiku kucha, mkishuka huku mnasema baba zenu ni wapagani. Sasa sikiliza. Mimi nimebatizwa kabla hujazaliwa. Nimeongea na mchungaji Gibson, nimemwandikia kwenye karatasi, na yeye akanijibu kwenye karatasi: ataomba kabla na baada, ila wakati wa kuteremsha tunda atakuwa amesimama upande wa jikoni. Huyo ni mtu wa Mungu na hajakataa. Wewe unakataa kwa nini?

Jambo moja nataka ulielewe, usije kunilaumu baadaye. Mtu akizikwa hivi, amezikwa. Hata akitokea kesho na miguu yake miwili, lango la boma hili haliwezi kumfungukia. Atakuwa mtu aliyekwisha liliwa. Ndiyo maana sikuharakisha miaka yote hii, na ndiyo maana sitafanya hivyo huku wewe unavuta upande mwingine. Wewe ndiwe uliyemsikia mwisho. Mazishi ambayo dada wa marehemu bado anangoja si mazishi, ni kuchimba shimo tu.

Basi nimewaambia wazee: Januari. Hawakufurahi. Mmoja alinifokea, lakini faida ya kuwa kiziwi ni kwamba mtu anakufokea na wewe unaona meno tu.

Maliza mitihani.

Baba yako,
Joab

*

Kabianga
3 Desemba 2025

Baba,

Si mambo ya kanisa. Ningetamani yangekuwa hayo, maana mchungaji Gibson angeyamaliza.

Unakumbuka Owiti alivyopenda nyota? Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anachuma majani huku akingoja matokeo. Jioni akirudi, kabla hajavua aproni, alinisimamisha kwenye uwanja wa mfereji.

"Wewe ni jua. Usisogee."

"Jua halina viroboto," nikamwambia, maana mbwa wa jirani alikuwa amelala miguuni pangu.

"Jua lina kila kitu. Nyamaza." Akaanza kunizunguka mbio, karibu kabisa. "Hii ni Zebaki. Raundi yake ni siku themanini na nane." Akarudi nyuma kidogo. "Zuhura, siku mia mbili ishirini na tano. Hii dunia yetu unaijua. Mirihi, karibu miaka miwili."

Neno raundi alilitoa shambani. Wachumaji wakimaliza shamba moja huenda la pili na la tatu, na baada ya siku kumi hivi hurudi pale pale, mti ule ule, machipukizi mapya yanawangoja. Mimi mtoto wa kambi nililielewa mara moja. Kila sayari ina shamba lake. Iliyo mbali na jua ina shamba kubwa zaidi, na juu ya hayo inatembea polepole.

Kisha akaenda hadi kwenye ua wa nyumba za mwisho, akawa anatembea kama mzee. "Hii ni Mshtarii! Miaka kumi na miwili!"

"Nani anaweza kungoja miaka kumi na miwili?"

"Wewe? Wewe huwezi kungoja uji upoe."

Jioni ile ile Mshtarii ilikuwa imechomoza upande wa mashariki, karibu na nyota mbili zinazoitwa Mapacha. Nikamuuliza akienda chuo atarudi lini. Akasema, "Nikichelewa kabisa, nitarudi kabla hiyo haijafika hapo tena." Akacheka. Mimi sikucheka. Wiki hiyo hiyo akapotea.

Baba, ilikuwa Januari ya 2014. Mshtarii inafika pale pale Januari hii inayokuja. Najua unavyoniona sasa. Nimesoma fizikia miaka minne, najua sayari haina habari na mtu. Lakini aliniambia neno, nami sijawahi kuambiwa neno na Owiti lisitimie.

Nelvine anakusalimu, yule mwenzangu wa chumba, wa Kapkatet. Anasema ukitaka mume wa kunioa umtafute kiziwi kama wewe, maana naongea na ukuta.

Nimemaliza mitihani. Nitabaki hapa Krismasi. Chumba kimelipiwa hadi Machi.

Binti yako,
Eddah

*

Kabianga
19 Januari 2026

Baba,

Imefika.

Tangu mwaka mpya, jua likizama tu, naiona ikipanda mashariki juu ya chai, nyeupe, haimetimeti, na Mapacha wako hapo kando yake. Nimekwenda kuitazama kila jioni isiyo na mawingu. Hakuna aliyekuja.

Nimefikiri sana. Huenda nilielewa vibaya shamba lake. Owiti alitaja Mshtarii kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukiiona. Zohali huchukua miaka ishirini na tisa na nusu. Uranus themanini na minne. Neptuni mia moja sitini na mitano, na tangu watu waigundue imemaliza raundi moja tu. Halafu zipo sayari vibete, huko nje kwenye giza. Pluto, miaka mia mbili arobaini na minane. Iligunduliwa mwaka wa 1930, Baba, na hadi leo hakuna binadamu aliyeiona ikimaliza raundi. Makemake, zaidi ya mia tatu. Eris, zaidi ya mia tano na hamsini. Iko nyingine, Sedna, ambayo inahitaji miaka elfu kumi na moja hivi, na wanasayansi wanaendelea kuhesabu njia yake kwa utulivu kabisa.

Hakuna hata mmoja kati yao anayesema imekufa. Wanasema iko mbali.

Kwa nini sisi hatuwezi kusema hivyo? Naomba mngoje tena. Sijui hadi lini. Naomba tu.

Eddah

*

Nyakach
27 Januari 2026

Eddah,

Sasa unanipa Pluto. Mimi nina miaka sitini na minane, magoti yangu hayafiki hata sokoni, na wewe unaniambia nikae kwa kiti nikingojea Pluto. Tena Phelix ananiandikia hapa kwamba hiyo Pluto walishaitoa kwa zile sayari kubwa. Kumbe hata huko juu watu wanaachishwa kazi.

Nimecheka, sasa nimemaliza kucheka.

Mama yako alikuwa mtu mwenye akili, unajua. Beldina aliongoza kina mama wa kanisa miaka tisa. Lakini kila jioni alimtilia Owiti chakula kwa sahani, akakifunika. Asubuhi akawamwagia kuku. Hakuna kuku walionona pale kambini kama wetu. Watu walituuliza tunawalisha nini, na sisi tulijibu mahindi. Aliendelea hivyo mpaka ugonjwa ulipomlaza, na siku ya mwisho alichoniuliza si habari yake, si habari yako wala ya Phelix. Aliniuliza kama nimefunika sahani.

Sitaki kumwona mtu mwingine wa nyumba yangu akiishi hivyo. Barua yako ya mwisho nimeisoma mara mbili, na huyo aliyeiandika ni Beldina.

Wewe unasema yuko mbali. Mimi nilitembea mto wote na wanaume wa kambi. Nilikwenda kila hospitali, nikaingia kila chumba cha maiti na kufunuliwa sura za watoto wa watu. Sina mbali nyingine ya kutafuta.

Lakini nilisema sitazika ukiwa unavuta, na neno langu ni lile lile. Amua.

Joab

*

Nyakach
30 Januari 2026

Siz Eddah,

Mzee hajui naandika. Simu ningekupigia lakini ungenikatia, hiyo tabia naijua.

Kuna kitu umefichwa. Dorcus wangu ako na mimba ya miezi sita. Wazazi wake walimwambia asirudi kwao mpaka awe na nyumba, sasa anakaa kwa rafiki ya mamake huko Fort Ternan, analala sebuleni na mbuzi nje ya dirisha. Mimi niko tayari kumleta nyumbani hata leo. Lakini nimlete wapi? Unajua sheria yetu. Mkubwa hajajenga, mdogo hajengi. Na Owiti kwa wazee si hai na si maiti, amekaa tu kwa njia. Niliomba nijenge nje ya boma, mzee karibu anipige na fimbo. Mtoto azaliwe nje ya lango, nani atamwita wa kwetu?

Nilimwambia mzee akueleze hii maneno. Akakataa. Aliandika kwa karatasi, bado niko nayo: "Asikubali kwa kuhurumia mtu. Akubali kwa sababu amekubali." Sasa mimi nimekuambia, anikasirikie.

Kitu kingine. Nelvine alinipigia. Anasema kila jioni unaingia kwa majani chai nyuma ya chuo, unasimama katikati, na juzi alikusikia ukiita jina. Akanishika na swali: huyu Owiti ni nani, mpenzi wake? Nikamwambia ni ndugu yetu.

Siz, alikuwa bro wangu pia. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe angalau uko na sauti. Mimi sikumbuki hata alikuwa anaongea aje. Niko na picha moja ya shule, amefunga macho.

Wako,
Phelix

*

Kabianga
8 Februari 2026

Baba,

Phelix ameniandikia. Usimkemee.

Ni kweli naingia shambani jioni. Wafanyakazi wakishaondoka, husikia ile fyaa, fyaa, mistari michache mbele yangu, nami huifuata, na kila mara hukatika kabla sijafika. Sikukuandikia hilo kwa sababu nilijua ungelisoma kwa uso wa Mama.

Juzi Nelvine alikuja kunitoa huko. Alinikuta nimesimama, akanishika mkono kama mtu anayerudisha ndama.

"Haya, niambie," akasema. "Huyo unayemngoja alisema atarudi na Mshtarii?"

"Ndiyo."

"Kwani Mshtarii ilienda wapi?"

Nikaanza kumweleza raundi. Akanikatiza. Kwao wana chai, amechuma tangu akiwa mdogo, hakuna cha kumfundisha. "Eddah, mchumaji anarudi kwa mti kwa sababu hakuondoka shambani. Anazunguka tu. Hiyo sayari yako nayo jua limeishika, haiwezi kutoka hata ikitaka. Ndugu yako alikuwa ameshikwa na nini?"

Miaka kumi na miwili nimesoma vitabu vyote vile, na hesabu ninazozijua zinafaa kwa kitu ambacho hakijawahi kuondoka.

Tena kuna jambo nililojua tangu mwaka wa pili chuoni na nikalifukia. Hata Mshtarii hairudi pale pale. Jua lenyewe linasafiri, na sayari zote zinaburutwa nalo. Inaonekana tu kwamba imerudi, kwa sababu sisi pia tunaburutwa.

Mzikeni. Sisemi hivi kwa kumhurumia Phelix, ingawa namhurumia. Mtoto wa Dorcus hawezi kungoja kwenye njia pamoja na Owiti. Nitakuja, nitasimama pale dada anaposimama, sitavuta.

Nina swali moja tu. Lango unalosema halitamfungukia, ni lango la boma letu peke yake?

Binti yako,
Eddah

*

Nyakach
2 Machi 2026

Mama yangu Eddah,

Uliondoka mapema Jumapili kabla sijaamka, kwa hiyo naandika yale niliyotaka kusema.

Ulisimama vizuri. Nilikutazama. Kina mama walipolia niliona midomo yao, na wewe mdomo wako ulikuwa umefungwa, lakini ulitupa udongo kama wengine. Wazee wameridhika. Mchungaji Gibson alisimama upande wa jikoni kama alivyoahidi, halafu tunda lilipokuwa linateremshwa akaja mbio kushika kamba, maana upande mmoja ulikuwa unaponyoka. Baadaye akaniandikia: "Mungu ataelewa, lilikuwa zito."

Jana Phelix alisimamisha nguzo ya kwanza. Nilimshikia. Dorcus ataletwa wiki ijayo.

Nimelala usiku mzima. Sikumbuki mara ya mwisho nililala hivyo.

Swali lako sikulielewa vizuri. Lango ni la boma. Mambo ya milango ya watu wengine mimi sina mamlaka nayo.

Sasa yako. Mchungaji ana rafiki, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kule Ahero. Wanahitaji mtu wa fizikia, na wakikupenda utaanza muhula ujao. Utakuwa karibu, utakuja Jumapili tule pamoja. Nijibu haraka, anangoja.

Baba yako,
Joab

*

Kambi ya Chini, Kericho
15 Machi 2026

Baba,

Mwambie mchungaji Gibson nashukuru, na amwambie rafiki yake amtafute mwingine. Ahero sitakwenda.

Najua utasoma jina la mahali hapo juu mara mbili. Ndiyo, ni kambi yetu. Siku ile nilipotoka nyumbani mapema sikurudi Kabianga. Nilikuja hapa. Shule ya shamba ilikuwa imebandika tangazo langoni, wanataka mwalimu wa hesabu na sayansi, na nilikuwa nimelijua tangu Februari kabla sijakujibu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkali anayeitwa Chepyegon, aliniuliza kwa nini msichana mwenye digrii anataka kukaa kambini wakati kila mtu anahama. Nikamwambia nilizaliwa hapa. Akasema, "Hiyo si sababu, hiyo ni ajali." Kisha akanipa kazi.

Kambi imebaki nusu. Tangu mashine za kuchuma zije, watu wengi wamerudi makwao, na nyumba zimefungwa kwa minyororo. Nilipoambiwa nichague, nilichagua yetu. Mlango unautazama mstari ule ule wa chai.

Usifikiri nimekudanganya pale kaburini. Sikuvuta. Udongo nilioutupa niliutupa kwa mkono wangu wote, na kwenu Owiti amekufa. Phelix ajenge, Dorcus aletwe, mtoto azaliwe ndani. Sitamtaja Owiti kwenye boma lako, na nikija kula Jumapili nitakuja kama mtu aliyemaliza kilio.

Lakini uliandika kwamba lango ni la boma tu. Ulisema milango mingine huna mamlaka nayo. Barua hiyo ilinikuta nimeshahamia, Nelvine ndiye aliyeniletea, na niliposoma maneno hayo nilishukuru kwamba sikungoja ruhusa.

Mtu asiyeweza kuingia kwao atahitaji mahali. Nyumba hii ina vyumba viwili, Baba. Nimetandika vyote viwili.

Binti yako,
Eddah